Hila Kumi za Kumkatia Mzee Bima ya Safari Bila Kumvunjia Heshima

Baba yako hajazeeka. Amechuma chai Runyenjes tangu ujana, hajawahi kulazwa hospitalini, na ukimuuliza umri atakutajia rika lake badala ya mwaka. Sasa dada yako aliye Dallas amejifungua, au bonasi ya chai imeingia, au parokia imepanga kwenda kuhiji Roma, na mzee ametangaza kwamba atakwenda. Atakwenda na koti lake la Jumapili, kofia yake, na vidonge vya presha ambavyo yeye huviita vitamini. Wewe kifungua mimba umeachiwa kazi ya kumtafutia bima.

Utahitaji hila. Hila zote zilizo hapa ni za kumzunguka mzee na majivuno yake, wala si za kuizunguka kampuni ya bima. Mzee ukimzunguka kwa upendo atakusamehe. Kampuni ukiizunguka itakungoja mpaka siku ambayo mzee amelala hospitalini ugenini, kisha ifungue fomu yako na kukuonyesha mstari uliodanganya. Shika tofauti hiyo, halafu twende kazi.

Hila ya 1: Usitaje uzee, taja ubalozi

Usimwambie mzee kwamba anahitaji bima kwa kuwa ana miaka 74. Mwambie ubalozi ndio unaoitaka. Kwa nchi za Schengen hilo ni kweli tupu: kanuni za viza za mwaka 2009 zinadai bima ya angalau euro 30,000, yenye kukubalika katika nchi zote za eneo hilo kwa muda wote wa safari, na yenye kulipia matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kurudishwa nyumbani, awe mgonjwa au marehemu. Mwanafunzi wa miaka 20 huulizwa bima hiyo hiyo. Mzee akisikia kwamba hata vijana wanaulizwa, atatulia.

Kanada nayo itakusaidia. Viza yake ya wazazi na mababu, inayoitwa Super Visa, inadai bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mzima. Hapo huna haja ya kubishana na mtu.

Kazi iko Uingereza na Marekani, ambako viza ya matembezi haimlazimishi mtu kukata bima. Usishangilie. Mgeni wa matembezi akilazwa katika hospitali ya umma ya England hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Nchini Marekani, Medicare, bima ya serikali kwa wazee wao, haimhusu mgeni aliyekuja kumwona mjukuu. Kwa safari hizo, kuwa ubalozi wewe mwenyewe: sema tiketi haitoki bila bima. Wewe ndiye unayelipa tiketi, kwa hiyo hujasema uongo.

Hila ya 2: Mwachie rika lake, wewe chukua tarehe ya pasipoti

Wazee wengi wa Meru na Embu walizaliwa nyumbani, kukiwa hakuna cheti. Mama alikumbuka msimu wa njaa, au alikumbuka kwamba ilikuwa kabla ya Hali ya Hatari ya 1952, na baadaye karani wa vitambulisho akaandika mwaka uliomfaa, pengine na tarehe 1 Januari. Cheti cha ubatizo kinataja mwaka mwingine. Mzee mwenyewe anakwambia kwamba yeye ni wa rika la Ratanya au la Michubu, na kwake hesabu imeishia hapo.

Usibishane naye. Chukua tarehe iliyo kwenye pasipoti, uiandike vilevile kwenye fomu ya viza, tiketi na bima. Usipunguze hata mwaka mmoja, maana siku ya kudai fidia kitu cha kwanza kuombwa ni nakala ya pasipoti. Ikiwa kitambulisho na pasipoti havifanani, rekebisha kabla ya kununua chochote. Kuna ofisi ya pasipoti Embu mjini, kwa hiyo mzee hana haja ya kwenda kupanga foleni Nyayo House.

Sasa njia ya mkato, tena halali kabisa. Bei ya bima hupanda kwa ngazi za umri, mara nyingi baada ya miaka 65, kisha 70, kisha 75, na kampuni kadhaa hufunga mlango karibu na 80. Uliza: umri unahesabiwa siku ya kununua au siku ya kuondoka? Mzee ambaye karani alimpa tarehe 1 Januari, na anayetimiza miaka 75 mwaka ujao, anaweza kuokoa pesa nyingi kwa kuondoka Desemba badala ya Februari. Mwambie mmechagua Desemba kwa sababu ya Krismasi.

Hila ya 3: Usimuulize kama ni mgonjwa

Mzee ukimuuliza kama ana ugonjwa, atasema hana. Anaamini hivyo kwa dhati, kwa sababu vidonge vinafanya kazi. Kwa hiyo usiulize. Mtembelee, kunywa chai, kisha omba uonyeshwe ule mfuko wa dawa ulio juu ya kabati. Piga picha kila pakiti, jina na kipimo. Mama naye mwombe kadi ya kliniki ya kisukari, hata kama anasema sukari yake "ni ile kidogo tu".

Peleka picha hizo mahali anapotibiwa, iwe ni hospitali ya rufaa ya Meru, Embu Level 5, Chogoria, Consolata Nkubu au Maua Methodist. Omba barua fupi yenye majina ya magonjwa, dawa, na tarehe ya mara ya mwisho dawa zilipobadilishwa. Yaliyomo kwenye barua hiyo ndiyo utakayoandika kwenye fomu, bila kupunguza wala kuongeza. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa anayeomba. Daktari wa ugenini atamuuliza mgonjwa ana presha tangu lini, mgonjwa atajibu kwa fahari kwamba ni miaka mingi na haijawahi kumsumbua, na jibu hilo litaandikwa kwenye faili. Kama fomu yako ilisema hana presha, umelipia karatasi. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Jambo moja la kupanga mapema: mpeleke kliniki miezi mingi kabla ya safari. Bima nyingi za Kanada hudai kipindi cha utulivu, mara nyingi siku 90 au 180, ambacho ndani yake ugonjwa haukubadilika wala dawa hazikubadilishwa. Daktari akiongeza kipimo wiki mbili kabla ya ndege, ugonjwa huo unaweza kutoka kwenye bima kabisa. Kipimo kikibadilika baada ya kununua, ijulishe kampuni siku hiyo hiyo.

Hila ya 4: Uliza maswali matatu, kisha nyamaza

Ajenti atakupa karatasi yenye picha ya mzee mwenye meno meupe akitembea ufukweni. Igeuze. Uliza: Je, dharura inayotokana na ugonjwa wa zamani inalipwa? Inalipwa mpaka kiasi gani kwa mtu wa umri huu? Sisi tunabeba shilingi ngapi kabla kampuni haijaanza kulipa? Halafu nyamaza na umwache akuonyeshe kila jibu kwenye maandishi. Jibu la mdomo halifiki hospitalini.

Kiasi mnachobeba wenyewe ni mwanya mzuri. Mkikubali kubeba kikubwa zaidi, bei ya bima hushuka. Ukoo wenye watoto wanne wenye kazi unaweza kubeba dola mia kadhaa, lakini hauwezi kubeba upasuaji wa moyo. Nunua bima ya kile msichokiweza, na mbebe kile mnachokiweza.

Kwa safari ya Marekani, ongeza swali la nne: bima hii inalipa kiasi kilichopangwa kwa kila huduma, au inalipa asilimia ya bili yenyewe? Zile za kwanza ni rahisi. Hutaja kiasi fulani kwa siku ya kitanda na kiasi fulani kwa daktari, na bili ikizidi hapo, inayobaki ni yenu. Zile za pili ni ghali zaidi na ndizo zinazofaa. Hata hizo, kwa ugonjwa wa zamani, nyingi hulipa pale tu unapolipuka ghafla bila dalili, na mgonjwa awe ametafuta matibabu haraka, mara nyingi ndani ya saa 24. Mzee anayejikaza siku tatu ili asisumbue watoto anaitupa bima yake mwenyewe. Mwambie hivyo kabla hajaondoka.

Hila ya 5: Usinunue kwa neno tu la kiongozi wa msafara

Kanisa likiandaa hija ya Yerusalemu na Galilaya, bei ya jumla husema bima imo ndani. Usikatae, kwa sababu bima ya kundi wakati mwingine humpokea mzee ambaye peke yake angekataliwa. Lakini omba hati yenye jina la mama yako, umri wake na namba ya bima. Kundi la watu 40 lenye hati moja isiyo na majina halina bima, lina matumaini.

Angalia pia kama kampuni na ajenti wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, inayosimamia biashara hii Kenya tangu 2007 na inayochapisha orodha ya waliopewa leseni. Kuangalia ni dakika chache kwenye simu. Ajenti halali hataona umemdharau.

Baba akiwa na miaka 79 na mama 68, omba bei mbili tofauti. Usikubali mama atozwe kwa ngazi ya baba kwa sababu tu wanasafiri pamoja. Mama atafurahi kusikia kwamba kampuni imemwona kijana, na kwa mara hii ni haki yake kufurahi.

Hila ya 6: Pekua mkoba bila kuonekana unapekua

Jitolee kumsaidia mama kukunja nguo. Hapo ndipo utakapoona kilichoingia mle. Unga wa uji na kahawa ya Embu ni mambo ya kuuliza forodha. Miraa ni jambo la kutoa mara moja, hata kama ni kifurushi kidogo cha rafiki wa Igembe aliyeomba tu kipelekwe kwa mwanawe. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na Marekani hairuhusu vilevile. Hakuna bima ya safari inayomtetea mtu aliyekamatwa na kitu kilichokatazwa, na mzee wa baraza la Njuri Ncheke hafai kuhojiwa uwanjani Heathrow mbele ya watu.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, na ziwe za siku kadhaa zaidi ya safari. Mkoba mkubwa ukipotea, bima inaweza kulipa nguo, lakini vidonge vya usiku huo havingoji fidia.

Hila ya 7: Mpe kiti cha mheshimiwa

Mzee atakataa kiti cha magurudumu. Usikiite kiti cha wagonjwa. Mwambie kwamba mtu anayesukumwa na mfanyakazi wa uwanja hupitishwa mbele ya foleni ya uhamiaji, na huyo mfanyakazi hujua milango yote. Ni kweli, na ni bure. Kiombe unapokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Viwanja vikubwa vya Ulaya vina vijia virefu ambavyo humchosha hata kijana, na kuanguka kwenye ngazi ya umeme ni mwanzo mbaya wa hija.

Safari ya kufika uwanja wa ndege wa JKIA ipange vivyo hivyo kwa busara. Bima nyingi za ng'ambo hazihusiki na barabara ya Meru kwenda Nairobi, na daraja la Nithi usiku si mahali pa kukimbizana na saa. Wasafiri mchana, walale Nairobi kwa jamaa. Sema binamu angekasirika wasipolala kwake.

Mzee asiyetoka nje ya nchi, anayekwenda Mombasa kwa treni na kundi la chama, anahitaji mambo madogo zaidi: awe amesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na awe na kitambulisho chake. Anayetaka uhakika wa ndege ya wagonjwa anaweza kununua uanachama wa mwaka unaoitwa Maisha kutoka kwa Amref Flying Doctors, ambao chimbuko lao ni huduma ya madaktari warukao iliyoanza 1957.

Hila ya 8: Mtengenezee kadi, kisha mfundishe mwenyeji wake

Bima nyingi zinataka kituo chao cha dharura kipigiwe simu kabla ya mgonjwa kulazwa, au mara tu hali inaporuhusu. Namba hiyo ikibaki kwenye barua pepe yako Embu, haimsaidii mtu aliyeanguka Toronto. Iandike kwa herufi kubwa kwenye kadi pamoja na namba ya bima, magonjwa, dawa na simu ya mwanawe. Ipake plastiki, uitie kamba, ukae nayo kidogo, kisha umkabidhi mbele ya wajukuu. Mzee anayepewa kadi mbele ya watu huivaa.

Nakala ya pili mpe atakayempokea. Huyu ndiye atakayepiga simu, maana mzee hatapiga. Mwambie wazi: asimpeleke hospitali ya rafiki, asilipe pesa taslimu bila risiti, na aombe ripoti ya daktari kabla ya kuondoka wodini. Kila karatasi ipigwe picha siku hiyo hiyo.

Hila ya 9: Tamka lile lisilotamkwa, kwa mdomo wa mwingine

Kwetu mtu huzikwa nyumbani, kwenye shamba lake, na watoto hawamwulizi baba kuhusu hilo kabla ya safari. Basi usiulize wewe. Mwombe ajenti asome kwa sauti sehemu ya bima inayohusu kurudisha mwili nyumbani, jinsi anavyosoma sehemu nyingine zote, na kiasi chake. Mzee atasikiliza kama anasomewa jambo la ofisi, na mara nyingi atauliza swali moja zuri sana.

Usiiruke sehemu hiyo ili kupunguza bei. Kila familia yenye mtu ng'ambo inajua kundi la WhatsApp linalofunguliwa usiku, mweka hazina anayechaguliwa haraka, namba ya M-Pesa, na majirani wanaochanga kwa huruma wakiwa wao wenyewe wana karo ya kulipa. Mzee aliyewachangia watu maisha yake yote anastahili kurudi nyumbani kwa haki yake, na wajane na vijana wa kijiji wanastahili kubaki na pesa zao.

Na mlango ukifungwa kabisa? Ana miaka 83, moyo ulisumbua mwaka jana, na kila ajenti anatikisa kichwa. Jaribu kwanza kampuni za nchi anakokwenda, kwa sababu zipo zinazowapokea waliovuka 80, ingawa kikomo cha fidia hushuka sana. Soma kikomo hicho kwa makini. Kikiwa kidogo mno, shindwa kwa heshima. Geuza safari. Pesa za tiketi zake zimlete binti na mtoto, na tangaza kijijini kwamba mzee ameamua mjukuu aletwe abarikiwe nyumbani. Hakuna atakayeuliza kuhusu bima, na mzee atachinja mbuzi.

Hila ya 10: Mpe kalamu

Usijaze fomu peke yako usiku na kuiga sahihi yake. Hii ndiyo njia ya mkato inayowapendeza watoto wengi waliosoma, na ndiyo inayoharibu kazi yote. Siku ya mwisho, mketishe mzee, umsomee kila swali kwa Kimeru au Kiembu, na umwache ajibu kwa kinywa chake. Akisema hana presha, weka barua ya daktari mezani na umsomee pia, taratibu, bila kumcheka. Kisha yeye mwenyewe atie sahihi, nawe ubaki na nakala.

Utakuwa umemzunguka kwa mambo mengi kufikia hapo: ubalozi, Krismasi, kiti, kadi, binamu wa Nairobi. Kwenye fomu usimzunguke. Mzee aliyejibu maswali akiwa nyumbani atayajibu vilevile akiulizwa na daktari wa Dallas, na majibu hayo mawili yakifanana, kampuni haitapata kwenye fomu sababu ya kukataa kulipa.